Hapo Pana Mwenyewe

Hakumwamini mtu mpaka amsikie akitembea. Uso, alisema, huoshwa, na kanzu hufuliwa, lakini kisigino hakijafunzwa kudanganya. Ndiyo maana siku nilipompeleka dada yangu Zuhura kuangalia chumba nyumbani kwake, Ngamiani, hata hakututazama. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, pale ukumbini, uso ameuelekeza ukutani.

"Piteni," akasema. "Nendeni mpaka uani, kisha mrudi."

Tukaenda, tukarudi.

"Mwanamke ana mimba," akasema bado akitazama ukuta. "Na pumzi zake fupi. Wewe mwanamume wakanyagia vidole. Wanyatia nini?"

"Sinyatii kitu, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Shikamoo huja kwanza, mwanangu, haiji baada ya kuulizwa."

Chumba akatupa hapo hapo, bila kuuliza tunatoka wapi wala shemeji yangu anafanya kazi gani. Shemeji alikuwa mtu wa reli, leo Korogwe kesho Mombo, akirudi nyumbani kama mgeni. Zuhura akaingia chumba cha nyuma kilichotazama uani. Mimi nikapewa nusu ya chumba cha mbele, nusu nyingine akiwa nayo Mpemba mmoja muuza karafuu, mtu mwenye sauti ndogo na masikio makubwa.

Jina la yule bibi silitaji. Wapangaji tulimwita Mama Mwenye Nyumba, mbele yake tukasema Bibi, na hilo lilimtosha. Aliwahi kuniambia, "Jina langu likitoka likatembea mjini, nani atanirudishia?" Basi naliacha ndani, mlango umefungwa, kama alivyotaka.

Katika nyumba ile neno sakafu halikusemwa ovyo. Wiki ya kwanza niliangusha kalamu nikasema imeanguka sakafuni. Nikasikia mkongojo wake ukigonga kutoka uani mpaka mlangoni kwangu.

"Sakafuni wapi? Hapa pana sakafu?"

"Hapa chini, Bibi."

"Ehe! Sema chini. Chini ni udongo, kauweka Mungu. Sakafu kaiweka mtu. Chini huiulizi kitu. Sakafu lazima uiulize: aliyekuweka alitaka kuficha nini?"

Hilo lilikuwa somo la kwanza, na masomo hayakuisha. Sakafu ya kweli kwake ilikuwa ile ya chokaa, kokoto za matumbawe na mchanga, iliyopondwa kwa vipande vya mti mpaka ikajibu kwa sauti moja toka ukuta hadi ukuta. Juu yake hupakwa niru, chokaa laini iliyochujwa, ikasuguliwa hadi mtu akaona kivuli cha mguu wake. Ule unga wa kijivu ulioletwa kwenye mifuko alikataa kuuita saruji. "Saruji ni chokaa iliyolala majini ikalainika," alisema. "Hii ya mfuko ni simiti. Leo unga, kesho jiwe. Kitu kinachobadilika upesi hivyo, wakiaminia wapi?" Vigae ndivyo vilivyomchekesha. "Kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika. Watu wanavunja, wanatandika, kisha wanakualika uje uone!"

Mpemba alijaribu mara moja kumsahihisha. Alimwambia kwamba kwao, kwenye nyumba za mawe, sakafu huwa hata juu, mtu akapanda akaanika karafuu zake.

"Mmemsikia?" akatugeukia. "Kwao sakafu iko juu. Mtu huyu mchungeni. Siku moja mtamkuta anatembea juu ya vichwa vyenu."

Mpemba akacheka, lakini tangu siku hiyo alipopita ukumbini alikanyaga kwa adabu.

Nakumbuka pia kisa cha kipande. Rafiki wa Mpemba, kijana wa mashamba ya mkonge, alikuja kututembelea mchana wa Jumapili, akajipapasa mifukoni, akapiga kelele: "Kipande changu! Kipande kimepotea humu humu!" Alimaanisha kadi yake ya kazi, ile wanayotiwa alama kila siku kule mashambani. Lakini kwa Mama Mwenye Nyumba, kipande kilikuwa kile kigogo chenye mpini cha kupondea sakafu, alichokirithi kwa mamaye na kukiweka nyuma ya mlango wa jiko. Akafunga mlango wa mbele, akasimama na mkongojo.

"Hatoki mtu. Kipande kimeingiaje mfukoni mwa mtu?"

"Bibi, ni karatasi tu!"

"Karatasi? Umekwisha kukifanya karatasi? Basi uchawi wenyewe ndio huo!"

Ilibidi Zuhura aende jikoni, arudi akiburuta kile kigogo kwa mikono miwili na tumbo lake mbele, ndipo mlango ukafunguliwa. Yule kijana hakurudi tena. Kadi yake tuliikuta ndani ya kofia yake, alikokuwa ameiweka mwenyewe.

Usidhani lakini kwamba alikuwa mtu mkavu. Aliyemshuku kila mtu ndiye huyo huyo aliyelala mlango wazi, kwa kuwa komeo, alisema, humwambia mwizi kwamba kuna cha kuiba. Mwezi wa Ramadhani alituletea futari kila chumba: viazi vikuu, tambi, uji wa pilipili manga. Alisimama mlangoni akala tonge la kwanza kutoka kila sahani mbele ya macho yetu. "Nimekula. Mkiumwa tumbo msinisingizie." Kisha akakaa kusikiliza kama tunakula kweli au tunajitia adabu.

Mara moja tu alikwenda Raskazone, kwenye zile nyumba kubwa za baharini, kumtazama binti wa ndugu yake aliyekuwa yaya. Aliingia, akapiga hatua chache juu ya mbao zilizopigwa nta, akageuka akatoka. Alirudi Ngamiani kwa miguu, kanga imejaa vumbi, hasira zimemjaa mpaka machoni.

"Nyumba ina tumbo," akatuambia. "Wakanyaga hapa, kwalia kule. Chini ya miguu yao pana uwazi, nao wanakunywa chai! Mtu mwenye akili akae juu ya uwazi?"

"Labda hawana cha kuficha, Bibi," nikasema.

"Mwanangu," akasema, "kila nyumba ina cha kuficha. Tofauti ni kama kimefichwa kwa heshima au kimetupwa."

Nililipokea neno lile kama tulivyozoea kupokea maneno yake, nusu kwa mzaha. Ulikuwa bado haujanijia moyoni mwangu ule wasiwasi uliokuja baadaye.

Wasiwasi ulianzia kwenye chumba cha Zuhura. Kwenye pembe ya upande wa kibla palikuwa na mahali pana kama sinia ambapo udongo ulikuwa laini na mwekundu kuliko chumba kizima. Kila Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, Mama Mwenye Nyumba alibisha hodi, akaingia na bakuli la udongo uliolainishwa kwa maji, akapiga magoti, akapapaka kwa kiganja chake taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Hakusema neno. Siku tuliyohamia alisema mara moja tu, alipoona tunasogeza kitanda kule.

"Hapo msiweke mguu wa kitanda. Hapo pana mwenyewe."

Pwani kwetu maneno hayo hayahitaji tafsiri. Mwenyewe ni yule asiyetajwa. Ni jini, au pepo wa mahali, anayekaa alipokaa na kuachiwa pake. Zuhura akavuta kitanda, akatia udi chetezoni, na kwa siku nyingi akawa analala amegeukia ukuta mwingine.

Mpemba, akisikia habari ile, alishusha sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi.

"Yakhe, mie nimekaa hapa kabla yenu. Unajua nani alikaa chumba kile? Mke wa seremala. Mjamzito. Na kabla yake? Binti mmoja wa Pangani. Mjamzito. Huyu Bibi hana mpangaji wa chumba kile ila mwenye mimba. Jiulize."

"Nijiulize nini?"

"Huyo mwenyewe," akasema, "anakula nini?"

Nilimwambia aache upuuzi. Lakini jioni ile nilipomwona bibi yule akimwangalia dada yangu tumbo, akimuuliza mtoto anacheza upande gani, nikaanza kufanya alichokuwa akifanya yeye. Nikawa nasikiliza hatua zake.

Na Zuhura alikuwa anaumwa. Pumu yake ya utotoni ilirudi kwa nguvu na ile mimba. Chumba kile cha udongo, hata ukinyunyizia maji kabla ya kufagia, kilitoa vumbi jembamba lililosimama kwenye mwali wa jua la dirishani kama moshi. Alikuwa akifagia hatua mbili, anashika ukuta. Mama yetu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, basi hapakuwa na kwao pa kwenda kujifungulia. Atajifungua humu, ndani ya vumbi hili, na sote tulijua kwamba mwanamke asiye na pumzi hawezi kusukuma mtoto. Shemeji akaja, akaona, akasema maneno ya maana kuliko yote aliyowahi kusema: "Chumba kipigwe simiti."

Nikamletea Mama Mwenye Nyumba ombi lile kwa unyenyekevu wote nilioujua.

"Hapana."

"Bibi, ni kwa ajili ya pumzi zake. Gharama ni yetu."

"Nimesema hapana. Ukipiga simiti lazima uchimbe kwanza, usawazishe. Mnataka kuchimba nini mle?"

"Hatuchimbi kitu!"

"Aliyekuja na jembe husema haji kuchimba."

Hata hivyo nilimleta fundi akapime tu. Alikuwa Mdigo wa Moa, mtu wa mizaha, mwiko wake umechomekwa kiunoni kama jambia. Akapita akigonga ardhi kwa mpini, akihesabu mifuko kichwani. Alipofika ile pembe akagonga, akaacha kuhesabu. Akagonga tena. Akanivuta karibu na dirisha.

"Hapa pamewahi kuchimbwa," akaninong'oneza. "Zamani. Udongo wake ni wa kujazia. Huyu bibi kafukia kitu."

Kabla sijajibu, mkongojo ulikuwa umekwisha kutua katikati yetu.

"Fundi! Umeitwa kupima au kupiga ramli?"

"Bibi, simiti haiumi."

"Haiumi kwa kuwa haina roho. Toka!"

Fundi akatoka akicheka, lakini mimi sikucheka. Usoni pa yule mzee niliona kitu nilichodhani ni hatia. Mpemba alishauri tuchimbe akienda sokoni. Tukimkuta na hirizi au fupa, tumpeleke kwa sheikh. Nikamwambia Zuhura. Alikuwa amekaa kitandani, mito mitatu nyuma, akivuta hewa kwa mdomo.

"Msichimbe," akasema.

"Dada, huyu mwanamke anakuficha kitu kando ya kitanda chako."

"Nani anazaa humu? Nyinyi au mie?" Akapumua kwanza. "Basi msichimbe."

Ijumaa iliyofuata bibi alikuja na bakuli lake kama kawaida. Nilisimama mlangoni makusudi, nisimwache peke yake na dada. Alikuwa amepiga magoti, kiganja kimelowa udongo, pale pumu ilipomkamata Zuhura vibaya kuliko siku zote. Midomo ikageuka rangi. Mimi nilikimbia huku na huku nikitafuta maji, dawa, mtu, sijui. Mama Mwenye Nyumba aliacha bakuli, akapanda kitandani na mikono yake ya udongo, akamshika dada yangu mabega akamkalisha wima, akakaa nyuma yake, mgongo kwa mgongo, akaanza kupumua kwa sauti. Polepole. Kama mtu anayemwongoza mtoto kusoma.

"Vuta na mie. Achia na mie. Usiniache, we binti. Vuta na mie."

Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba hatimaye migongo miwili ile ilipanda na kushuka pamoja, na kwamba dada yangu alilala akiwa na alama za viganja vyekundu mabegani.

Bibi akashuka, akatazama vumbi lililokuwa likielea kwenye jua, akatazama pembe yake.

"Mwite yule Mdigo," akaniambia. "Apige. Chumba chote, ila pale."

Fundi alikuja na masharti yake. "Bibi, sakafu isiyofika ukutani hupasuka."

"Ipasuke. Mie nimepasuka na bado nasimama."

Kitanda kikatolewa uani, Zuhura akahamia kwa bibi. Kabla ya simiti, bibi alitaka msingi wa kokoto upondwe kama zamani, kwa vipande, na wanawake wa mtaa wakaja na vya kwao. Wakaponda kwa mstari, wakiimba, wakitaniana kuhusu waume zao, na yeye akiwa katikati na kile kigogo cha mamaye, akiinua na kushusha, jasho linamtiririka. Kila walipokaribia pembe ile, aliinua mkono mstari ukageuka. Fundi akamaliza, akatia rangi nyekundu, akazungushia ile nafasi ya udongo ukingo mdogo, nadhifu, kama ukingo wa kisima.

"Haya," akasema, "kisima cha jini."

"Umekisema wewe," bibi akamjibu.

Zuhura alijifungua mwezi uliofuata, mchana, juu ya sakafu isiyo na vumbi. Nilikuwa ukumbini na Mpemba. Tulisikia mkunga akisema ametoka, ni wa kike. Kisha hatukusikia kitu. Halafu mkongojo ukapiga sakafu, pwaa, na sauti ya Mama Mwenye Nyumba ikapasua nyumba nzima:

"Lia! Lia, we mtoto! Usininyamazie!"

Mtoto akalia.

Bibi akatoka chumbani, akatupita bila kutuona, akaenda zake mtaani bila hata kujifunika vizuri. Alirudi baada ya alasiri, macho yamevimba.

"Umeona?" Mpemba akanong'ona. "Mwenyewe kakosa alichokitaka. Ndio hasira hiyo."

Mimi nikaamini, angalau nusu. Shemeji alipopata nyumba ya reli tulihama upesi, tukiwa na shukrani mkono mmoja na shaka mkono mwingine. Zuhura pekee ndiye aliyelia wakati wa kuagana.

Nilirudi Ngamiani mwishoni mwa miaka hii ya hamsini, nikiwa na kile kitoto, Rehema, kimekwisha kuwa na miguu ya kukimbilia na mdomo wa kuuliza. Zuhura alitutuma na halua. Nyumba ilikuwa imebadilika. Mpwa wa bibi, mwana wa ndugu yake, aliipiga simiti yote, ukumbi, vyumba, hata uani. Mpemba alikuwa amerudi kwao. Bibi alikuwa amekaa pale pale ukumbini, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, uso umeelekea ukutani, safari hii bila hiari.

"Piteni," akasema. "Nendeni mpaka uani, mrudi."

Tukaenda, tukarudi.

"Bado wanyatia," akaniambia. "Na huyo mdogo ni nani? Mbona akanyaga kama mwenye nyumba?"

"Ni Rehema, Bibi. Yule aliyezaliwa humu."

Akanyoosha mikono, akampapasa mtoto kichwa, mashavu, kisha akainama mpaka chini akampapasa miguu. Alikaa hivyo, ameshika nyayo zile mbili, mpaka Rehema akaanza kucheka kwa mtekenyo.

"Mlikuwa mnaniogopa," akasema. Hakuwa ananiuliza.

"Wewe ndiye uliyesema pana mwenyewe, Bibi."

"Nilisema pana mwenyewe. Jini mlimleta nyinyi. Nikaona ni afadhali. Anayeogopa jini hachimbi."

Uani palikuwa na kuku, na mtu akitwanga kisamvu.

"Nilizaa mara moja tu," akasema. "Mle chumbani. Mtoto wa kike, kamili, ana kucha, ana nywele. Hakulia. Wazee wakasema asiyelia hapewi jina, haswaliwi, hapelekwi makaburini. Huzikwa chini ya paa la mamaye. Mama yangu akachimba, akamlaza. Akapaponda kwa kile kipande, taratibu. Tangu siku ile, mie nasikiliza."

"Na wale wapangaji wajawazito?"

"Nilitaka mmoja azae mle, mtoto alie. Wangu amsikie mwenzie anavyolia. Wote walikwenda kuzalia kwa mama zao. Dada yako hakuwa na mama."

Akaomba mkono, nikamwinua. Tukielekea chumba kile akatuambia kwamba mpwa wake ameapa mwezi huu ataziba pale napo, kwa kuwa mpangaji mpya analalamika kuna shimo. "Nimemwambia apige nikishakufa. Basi ananisikiliza kikohozi." Akacheka kile kicheko chake kikavu.

Chumbani hapakuwa na mtu; mpangaji alikuwa ametoka. Simiti nyekundu ilikuwa imefifia, na kutoka kwenye ule ukingo wa fundi ufa mwembamba ulikuwa umekwenda mpaka mlangoni, kama alivyotabiri. Pale pembeni udongo ulikuwa umepakwa upya, mbichi, na alama za vidole vyake zikionekana. Ilikuwa Ijumaa.

Rehema alitaka kukanyaga ule udongo laini. Bibi alimsikia.

"Ngoja," akasema. "Vua viatu. Hapo hapakanyagwi. Hapo huamkiwa. Pana mtu, mkubwa wako. Mwamkie."

Mtoto akanitazama mimi kama ni mzaha. Sikujua nimpe uso gani. Basi akavua viatu vyake, akavipanga vizuri, akachutama mbele ya ule udongo, akasema kwa adabu aliyofunzwa na mama yake:

"Shikamoo."

Tukasubiri. Rehema aliinamisha sikio lake karibu na ardhi, kwa kuwa mtoto wa pwani anajua salamu hii ina jibu lake, naye hakuondoka. Bibi naye alikuwa ameinamisha lake. Nikamwona ameshika pumzi, amesikiliza kama alivyosikiliza maisha yake yote, midomo imefunguka kidogo.

Kisha akajibu yeye, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu mwingine.

"Marahaba."